Kampuni ilizama kwenye deni la milioni 143, nyumba ikabaki siku chache ipigwe mnada: tulivyokaa na wanaotudai tukapanga upya (uzi mrefu)

SembeManzese (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesita miezi mingi kuandika hiki. Leo mchana nimemlipa mtu wa mwisho aliyekuwa ananidai pesa ya mahindi, nikaona niandike kabla sijapoa. Kila wiki humu ndani naona mtu anauliza: "Kampuni imekwama, benki wanataka nyumba, nifanyeje?" Na majibu anayopewa mengi yanamzamisha zaidi: hamisha mali kwa shemeji, badilisha laini ya simu, ingia mitini. Ndugu zangu, hizo ndizo njia zinazogeuza deni kuwa msiba.

Mimi nasaga na kufungasha sembe, viroba vya kilo 5, 10 na 25. Nilianza na mashine moja ya kukoboa na moja ya kusaga, baadaye nikaongeza ya pili. 2019 nikasajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), hisa 70 zangu, 30 za mdogo wangu. Nikaamini kwamba nikishakuwa na "Limited" mwishoni mwa jina, basi deni la kampuni ni la kampuni na nyumba yangu ya Kimara iko salama. Hilo ni kweli nusu tu. Nusu iliyobaki niliisaini mwenyewe.

Tulipokopa benki kulikuwa na karatasi nyingi. Ukurasa mmoja ulikuwa wa udhamini binafsi: mimi na mdogo wangu tunakubali kulipa deni la kampuni kwa mali zetu kampuni ikishindwa. Ukurasa mwingine rehani ya nyumba, na mke wangu akasaini ridhaa. Nakumbuka alisaini kwa kalamu yangu, mtoto yuko mgongoni, akaniuliza, "Hii ni ya nini?" Nikamwambia ni ya mashine. Sikumdanganya kwa makusudi, lakini sikuwa nimeisoma.

Mwishoni mwa 2022 mahindi yakapanda. Gunia la kilo 100 nililokuwa nanunua kwa elfu 55 kwenye soko la mahindi la Kibaigwa likafika laki moja na kupita. Wateja wangu wa jumla nilikuwa nawapa kwa mali kauli, wanauza kwanza ndipo wanalipa. Nao wakakwama. Nikakopa ili ninunue mahindi, nikakopa tena ili nilipe mkopo, na mwisho nikaingia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Milioni sita. Wakachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Ndani ya miezi mitano nimewarudishia tano, na bado wanadai kumi na mbili.

Siku niliyoamua kukaa chini nikaandika kila kitu kwenye daftari la mtoto la hesabu, lile la miraba. Ilikuwa hivi: benki milioni 84, wauza mahindi wanne milioni 31, kausha damu 12, TRA (kodi) 9, mishahara ya vijana milioni 4 na laki 2, pango la godauni milioni 3 na laki 6. Jumla milioni 143 na laki 8. Mimi nikidai wateja milioni 22, ambazo milioni 7 nilijua hazitarudi kamwe.

Hadi siku ile nilikuwa nasema "nadaiwa kama mia hivi". Miezi minane nimeishi na neno "kama hivi".

Naendelea chini, ngoja nile.

Mama Mikate Mwanza

Mleta mada, nimekaa hapa nasubiri kabla sijalala. Mimi nina kampuni ya mikate, benki wamenipa ile taarifa ya siku 60, nilipe au nyumba iuzwe, na leo ni siku ya 41. Tafadhali usiishie njiani.

SembeManzese (mleta mada)

Mama Mikate, sitaishia njiani. Siku 19 ni nyingi ukianza kesho asubuhi.

Mimi taarifa ilinikuta godauni. Kijana wa benki aliileta kwa mkono, nikasaini kupokea. Siku kumi za kwanza sikufanya lolote, niliificha chini ya mzani. Siku ya kumi na mbili nikamwambia mke wangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nani tunamdai na nani anatudai, kwa majina. Daftari lile lilianza na swali lake.

Kesho yake nikaenda kwa mwanasheria, nikalipa laki moja ya ushauri. Aliniambia mambo mawili yaliyonisaidia kuliko yote. La kwanza: usimlipe anayepiga kelele zaidi. La pili: waite wote, siku moja, chumba kimoja, uwaonyeshe karatasi moja.

Hilo la kwanza lilikuwa gumu. Kausha damu walikuwa wanakuja na bodaboda nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Muuza mahindi mmoja alinitishia polisi. Ukipata laki tano unataka kumpa huyo ili upumue siku mbili. Lakini kila laki tano uliyompa mwenye kelele umeinyang'anya ile pesa ya kununulia mahindi, na kinu bila mahindi hakimlipi mtu yeyote. Isitoshe, kampuni ikija kufilisiwa, mfilisi, yaani anayekusanya mali za kampuni na kuwagawia wanaodai, anaweza kurudi nyuma akatazama malipo uliyofanya miezi ya mwisho, na yale uliyompendelea mmoja ukawaacha wengine yanaweza kutenguliwa.

Nikawaita. Jumapili saa nane mchana, godauni. Walikuja wote wanne wa mahindi, mwenye godauni, kijana mmoja akiwawakilisha wafanyakazi, na afisa wa benki, ambaye sikutegemea kabisa kumwona. Hakukuwa na viti, tukakaa juu ya viroba vitupu vilivyokunjwa. Nikawapa kila mmoja nakala: ninaowadai, wanaonidai, mali zilizopo, na ninachoingiza kwa wiki. Mzee mmoja kutoka Songea aliisoma kwa kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye kausha damu, akaniangalia, akasema, "Kumbe na wewe umeliwa." Baada ya hapo sauti zilishuka.

Mpango ulikuwa huu. Niuze mashine moja ya kusaga na lori la Fuso. Mashine ilipata milioni 18, Fuso 27. Hiyo 45 ikagawanywa wazi mbele yao: mishahara yote 4.2, pango 1.2, TRA 3 za kuanzia, wauza mahindi asilimia 40 ya kila mmoja ambayo ni 12.4, kausha damu 4 na kumaliza, benki malimbikizo 9.6. Ikabaki 10.6 ya kununulia mahindi. Ile iliyobaki niliipigania kuliko nyumba. Wawili walitaka nayo igawanywe. Mzee wa Songea akawaambia, "Mkimla ng'ombe leo, maziwa mtamdai nani?" Wakakubali.

Deni lililobaki la mahindi, 18.6, kulilipa kwa miezi 18, milioni moja na kidogo kila mwezi, wote sawa kwa uwiano wa deni lao. Benki wakaongeza muda hadi miezi 60, sita ya kwanza nalipa riba tu. TRA niliomba kwa maandishi kulipa kwa awamu, wakakubali.

Leo ndiyo nimemaliza wa mahindi.

Muuza Mahindi Kibaigwa

Hongera, lakini naomba niseme kwa upande wetu, maana uzi kama huu unamfanya mdaiwa awe shujaa.

Mimi nina mtu wa Dar aliyechukua gunia 200, akafunga kinu, akafungua kingine barabara ya pili kwa jina la mke wake. Ana kampuni. Nikienda ananiambia "kampuni imekufa". Mahindi yale nilikusanya kwa wakulima ambao hadi leo wananisubiri mlangoni. Hiyo kinga ya "Limited" inamlinda nani hasa? Na kwa nini benki ilipwe malimbikizo yote halafu sisi tupate asilimia 40?

SembeManzese (mleta mada)

Mkuu, una haki kabisa, na wauza mahindi kama wewe ndio niliokuwa nawaogopa kuliko benki, kwa sababu hamna rehani yangu mliyoshika. Mliniamini kwa mdomo.

Kuhusu benki: wao wana nyumba mkononi. Wasingepata malimbikizo wangeendelea na mnada, mimi ningehama na kinu kingefungwa, na nyinyi mngepata sifuri. Niliwaambia hivyo hivyo pale godauni, bila kuzunguka. Siwezi kusema ni haki, ila ndivyo dhamana inavyofanya kazi.

Na huyo aliyefungua kinu kwa jina la mkewe, usimwache. Hapo mwanasheria atujibu.

Wakili wa Mtaani

Nimeitwa. Nitaongea kwa lugha ya kawaida, na nizungumzie Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za kampuni na za ardhi, msajili wao ni BPRA, kwa hiyo walioko huko wamuone wakili wa huko.

Kwanza kwa Kibaigwa. Kampuni ni mtu wake mwenyewe kisheria, lakini ukuta huo una milango. Mkurugenzi aliyeendelea kuchukua mali za watu kwa mkopo kwa nia ya kuwadhulumu, au akijua kabisa kampuni haitalipa, anaweza kubebeshwa deni yeye mwenyewe kampuni ikifilisiwa. Mali ya kampuni iliyohamishwa kwa mke au ndugu ili wanaodai wasiifikie inaweza kurudishwa kwa amri ya mahakama. Mfilisi ndiye anayefuatilia hayo, kwa hiyo njia yako mojawapo ni kuiomba mahakama iifilisi kampuni hiyo. Tunza hati za mzigo, jumbe za simu, na jina la dereva aliyepakia.

Pili, wengi humu wanachanganya. Kusajili JINA LA BIASHARA BRELA hakukupi kinga yoyote. Jina la biashara ni wewe. Deni lake ni deni lako, kuanzia nyumba hadi pikipiki. Kampuni ndiyo inayotenganisha, na hata hiyo kampuni utakuwa umeitoboa siku unaposaini udhamini binafsi, kama alivyosema mleta mada. Kodi nayo ina mlango wake: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaweza kumfuata anayeiongoza kampuni kwa kodi ambayo kampuni haikulipa.

Tatu, nyumba. Hapa kuna mambo mawili tofauti, na watu wanapoteza nyumba kwa kuyachanganya.

Ukiwa umeshindwa kesi ya madai ya kawaida na mdai anakaza hukumu (anataka itekelezwe), Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakataza kukamata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Vifaa vya kazi vya fundi navyo vina kinga. Kwa hiyo muuza mahindi asiye na rehani hawezi kuleta dalali wa mahakama auze nyumba unayolala na watoto.

Lakini nyumba uliyoiweka rehani umeitoa mwenyewe nje ya kinga hiyo. Hapo inatawala Sheria ya Ardhi. Benki lazima ikupe taarifa ya maandishi kwamba umeshindwa kulipa, na kukupa siku 60 baada ya kuipokea. Mnada wa nyumba unatakiwa utangazwe angalau siku 14. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Na muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana: ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo, sheria inaanza kwa kudhani wajibu huo umevunjwa, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani.

Mama Mikate Mwanza

Wakili, hapo kwenye ridhaa ya mwenza. Mume wangu yuko Geita mgodini, na wakati wa mkopo nadhani hakuwepo. Naweza kuusimamisha mnada kwa hilo?

Wakili wa Mtaani

Dada, usiende kwa "nadhani". Iombe benki nakala ya faili la rehani, una haki ya kuiona. Kama kweli hakusaini, au saini si yake, hiyo ni hoja nzito na apeleke yeye mwenyewe haraka. Kama alisaini, usiiguse. Nimeona watu wakiapa uongo kuhusu saini, kesi inakufa, gharama zinaongezwa juu ya deni, na benki haitaki tena kuongea nao.

Ofisa Mikopo (mstaafu)

Nilikaa dawati la mikopo miaka 22, naomba niongeze.

Benki haitaki nyumba yako. Nyumba inachukua muda kuuzika, ina kesi, wapangaji, ndugu. Benki inataka mkopo urudi kulipwa. Ila zikishapita siku 90 bila malipo, mkopo unahesabiwa chechefu, yaani umeshindwa kulipika, benki inatakiwa itenge pesa kwa ajili yake, na faili linahama kutoka kwa ofisa anayekujua kwenda idara ya makusanyo, ambako wewe ni namba tu. Mteja aliyekuja siku ya 20 na daftari nilikuwa nampeleka kwenye kamati mwenyewe. Aliyekuja siku ya 120 na wakili na zuio la mahakama nilikuwa simwoni tena.

Mnapokuja msilete barua ya kuomba huruma. Leteni mauzo ya wiki kwa wiki ya miezi sita, hata kama ni mabaya. Leteni orodha ya wengine wanaowadai. Kilichokuwa kinatuogopesha ni kumpa mtu nafuu halafu tugundue kuna kausha damu watatu wanakula mapato yote. Na semeni mtauza nini. Mtu aliyekwisha kuuza gari lake mwenyewe anasikilizwa kwa sikio jingine.

Hao kausha damu: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni. Muulizeni leseni yake, muombeni mkataba. Kadi ya benki na namba ya siri hana haki ya kuvishika. Nendeni benki siku hiyo hiyo mkaifunge kadi, mchukue nyingine.

SembeManzese (mleta mada)

Ndivyo nilivyofanya. Nilifunga kadi Jumatatu asubuhi. Jumanne wakaja wanne. Nikawaambia mbele ya mjumbe wa serikali ya mtaa: nilichukua sita, nimerudisha tano, hii hapa nne, mnaandika tumemalizana au twende mbele tukaulizane leseni. Waliandika. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu, nilitetemeka magoti.

Na yule aliyenitishia polisi nilimjibu kwa heshima kwamba deni la biashara ni madai, linaenda mahakamani. Polisi ni pale mtu alipotapeli tangu mwanzo.

Mkenya wa Thika

Salamu kutoka Thika. Sisi huku sheria ya ufilisi ilibadilishwa yote 2015. Kabla ya hapo kampuni ikilemewa, benki inaweka mtu wake, anauza mashine, mlango unafungwa. Sheria mpya ikaleta usimamizi: anateuliwa msimamizi, na akiwepo, wanaodai hawawezi kukamata mali wala kushtaki bila ruhusa mpaka mpango ujulikane. Na kuna makubaliano ya hiari kati ya kampuni na wanaoidai, wakiyapigia kura.

Lakini naomba msidhani jina la sheria linaokoa biashara. Nakumatt, supamaketi kubwa za huku, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Rafu zilikuwa tupu tayari, wauzaji wa bidhaa walishachoka kupeleka mzigo bila malipo. Januari 2020 wanaodai wakapiga kura ifilisiwe. Nyinyi mliwaona hata huko Moshi, Arusha na Dar. Uchumi, supamaketi nyingine, nao walifunga maduka ya Tanzania na Uganda 2015, na 2020 wakapata makubaliano na wanaowadai. Mimi nilikuwa napeleka maziwa kwa moja ya supamaketi zilizoanguka, sitaitaja. Walipoomba ulinzi walikuwa wamechelewa miaka miwili. Mleta mada alikwenda akiwa bado ana wateja wa sembe, ndiyo tofauti ninayoiona.

Kwa mtu binafsi asiye na kitu, sheria yetu ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: deni likiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, akikubaliwa, baada ya miezi 12 anaachiliwa. Na aliyetangazwa muflisi kawaida anatoka baada ya miaka mitatu. Hiyo imewapa watu wengi nguvu ya kuanza tena.

Wakili wa Mtaani

Ahsante ndugu wa Thika. Bara nasi tunavyo vya jinsi hiyo ndani ya Sheria ya Makampuni ya 2002, tatizo ni kwamba wenye biashara ndogo hawaviulizii.

Cha kwanza ni mpango wa hiari: wakurugenzi wanapendekeza, mtaalamu anausimamia, wanaodai wanakutana na kupiga kura. Ukipita unawabana na wale waliopinga. Lakini mwenye rehani hapunguziwi haki yake bila yeye kukubali. Cha pili ni amri ya usimamizi ya Mahakama Kuu: ombi likishapelekwa, kuiuza dhamana ya kampuni na kuishtaki vinasimama mpaka mahakama iseme. Kina gharama, na benki yenye dhamana juu ya mali zote za kampuni inaweza kukizuia kwa kumweka mtu wake.

Na msikilize hapa vizuri: ulinzi huo ni wa KAMPUNI. Hauizuii benki kukufuata wewe mdhamini. Ndiyo maana alichofanya mleta mada, kuiweka benki ndani ya makubaliano yale yale, kilikuwa sahihi. Makubaliano yake ya godauni hayakupita mahakamani, yanawafunga waliosaini tu. Asingesaini mmoja, huyo mmoja angeweza kushtaki kesho yake.

Kwa mtu binafsi ipo Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. RITA mnaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini soma jina lake lote: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Muflisi naye anaweza kupendekeza kulipa sehemu, wanaodai wakakubali na mahakama ikabariki. Ila kabla hujaachiliwa huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Si adhabu ndogo kwa mfanyabiashara.

Msafiri wa Trela

Niko Texas, nina kampuni ya malori, Waswahili wengi tuko kwenye kazi hii. Mizigo ilikuwa na bei kubwa 2021, mwaka uliofuata ikaanguka na malipo ya trela yakabaki pale pale.

Huku Marekani walitunga sheria 2019, ikaanza 19 Februari 2020, kwa ajili ya biashara ndogo: ni tawi la tano la ile Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi, ambayo mashirika makubwa huitumia kupanga upya madeni. Siku unayofungua faili, wanaodai wote wanasimama. Una siku 90 za kuleta mpango. Anawekwa msimamizi wa kuwapatanisha, lakini wewe unabaki kwenye usukani. Ukikubali kutoa chote kinachobaki baada ya matumizi ya biashara kwa miaka mitatu hadi mitano, unaweza kubaki na kampuni yako hata kama wanaodai hawakulipwa kamili. Kwenye Sura ya 11 ya kawaida hilo ni gumu sana kwa mwenye kampuni. Kuna kikomo cha deni: kilikuwa dola milioni 7.5, tarehe 21 Juni 2024 kikarudi kwenye milioni 3 na kidogo.

Mimi niliingia 2023. Malori yalilindwa. Halafu aliyenikopesha trela akanifuata mimi, kwa udhamini niliosaini kwenye tablet, kidole tu, dakika mbili. Ilinibidi nipatane naye kando. Kwa hiyo wakili amesema kweli, bahari mbili tofauti lakini mwamba ni ule ule.

Muuza Mahindi Kibaigwa

Nimesoma yote. Swali kwa mleta mada: kwa miezi hiyo 18, ulipokosa ulifanyaje? Maana wengi wanalipa mwezi wa kwanza na wa pili, wa tatu simu haipokelewi.

SembeManzese (mleta mada)

Nilikosa mara tatu, mkuu. Mwezi wa tano mota iliungua. Siku nne kabla ya tarehe niliwapigia wote wanne, nikatuma picha ya mota na risiti ya fundi wa kusuka waya, nikalipa nusu kwa wote. Sio mmoja kamili na wengine hewa. Kila Jumamosi jioni nilikuwa natuma kwenye kundi letu la WhatsApp: gunia ngapi zimeingia, viroba vingapi vimetoka, pesa ngapi iko benki. Hata wiki mbaya. Mwezi wa tisa mzee wa Songea akanipigia mwenyewe, akaniambia ana gunia 60, nichukue nilipe baada ya wiki mbili. Nilikaa chini pale pale kwenye mzani nikalia.

Mali kauli nimeacha. Mteja analipa nusu mzigo ukitoka. Nimepoteza wateja sita, waliobaki wanalipa.

Mama Mikate Mwanza

Jamani nimerudi. Nimeenda benki nimeliona faili. Saini ni ya mume wangu, alikuwa likizo wiki ile, nilikuwa nimesahau. Nimemshukuru wakili kimoyomoyo, maana ndugu walishaanza kunishawishi tuikane saini.

Nimefanya orodha. Ni milioni 46 na laki 3. Nilikuwa nasema thelathini. Nina oveni mbili, moja haijawashwa tangu Machi, kuna mtu wa Shinyanga anaitaka. Meneja kanipa Jumanne saa nne asubuhi. Niende na nini zaidi?

Ofisa Mikopo (mstaafu)

Orodha hiyo, taarifa ya akaunti ya miezi sita, daftari la mauzo, na maandishi ya huyo mnunuzi wa oveni, hata ujumbe wa simu uliochapwa. Lakini muulize kwanza meneja kama oveni iko kwenye dhamana yao. Kama imo, huiuzi bila kibali chao. Na omba akijibu ajibu kwa barua. Maneno ya mdomo hayasimamishi dalali.

Mama Mikate Mwanza

Jumanne imepita. Nimekaa nao saa nzima na nusu, mume wangu aliomba ruhusa akaja. Oveni ilikuwa kwenye dhamana, wamekubali iuzwe, pesa yote iingie kwenye mkopo. Nikawaomba milioni mbili zibaki za ngano, kama alivyopigania mleta mada. Wamesema watajibu hilo Ijumaa. Mnada umesimamishwa siku 30 nilete mpango wa wote wanaonidai. Barua ninayo mkononi, ina mhuri.

SembeManzese (mleta mada)

Dada yangu, nimefurahi mpaka nimemsomea mke wangu. Anayekuuzia ngano je, umeshamwambia? Asisikie kwa watu.

Mama Mikate Mwanza

Bado. Ndiye ninayemwonea aibu zaidi, alinikopesha hata mwezi ambao sikumlipa. Yuko Mabatini, duka anafunga saa kumi na mbili. Nimechapa nakala yake, jina lake nimeliweka la kwanza. Natoka sasa hivi.